Maoni yetu kuhusu uwazi wa matokeo ya kura

Ndugu wanakikundi,

Kabla ya kikao cha Jumamosi, naomba kila mmoja wetu aitafakari Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya kura za urais ya kila kituo cha kupigia kura nchini Kenya, kwa kuwa ndiyo kiini cha mapendekezo tutakayoyaandika. Kura za urais zikishahesabiwa kituoni, msimamizi wa kituo hujaza idadi za kila mgombea, mawakala wa vyama hutia saini, nakala hubandikwa mlangoni ili wananchi waisome, na picha yake hutumwa kwa njia ya elektroniki. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, dosari katika upeperushaji wa matokeo zilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi (IEBC) iliziweka picha za fomu hizo kwenye tovuti yake, ikawezekana kwa raia yeyote kujijumlishia kura kutoka vituo zaidi ya 46,000. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote tulizopiga, na kwa kura za urais sheria tayari inaitaka tume ifanye hivyo. Ninaamini kwa dhati kwamba sheria inapaswa kusema hivyo waziwazi pia kwa kura za ugavana, ubunge na uwakilishi wa wadi, ambako mizozo ni mingi.

Suala la fedha za kampeni, ambalo lina sheria tangu 2013 isiyotekelezwa, tutalijadili katika kikao kitakachofuata hicho cha Jumamosi.

Waliowahi kuwa mawakala au makarani wa uchaguzi, tafadhali tuandikieni mliyoyashuhudia kabla ya Ijumaa jioni.