Reli ya mafuta Lamu: nani atawekwa pembeni?

Bwana Mhariri,

Taarifa yenu ya juma lililopita, kwamba reli ya kuja Lamu itabeba mafuta ya Turkana jinsi Marekani ilivyofanya, imenikera. Marekani haikuchagua reli kwa kuipenda. Visima vya jimbo la North Dakota, vile vya kupasua mwamba kwa maji na mchanga, viliongezeka upesi kuliko mabomba, na reli ilikuwepo. Mwaka 2008 mabehewa ya mafuta ghafi nchini humo hayakufika 10,000; mwaka 2013 yalipita 400,000. Njia ni zile zile, kwa hiyo mwaka 2014 wakulima wa ngano wa huko huko walikaa na mavuno ghalani wakingoja mabehewa. Bomba kubwa lilipofunguliwa 2017, mafuta mengi yakaihama reli.

Halafu breki, ambazo hamkuzigusa kabisa. Lac-Mégantic, Kanada, Julai 2013: treni ya matangi 72 ya mafuta iliachwa usiku kwenye mteremko, breki za mkono 7 tu zikiwa zimefungwa. Kichwa cha treni kikashika moto, wazimamoto wakazima injini, kompresa inayosukuma upepo wa breki ikasimama, upepo ukavuja kidogo kidogo mpaka breki za upepo zikalegea. Treni ikateremka yenyewe hadi katikati ya mji. Watu 47 walikufa. Wachunguzi walikadiria kwamba zilihitajika breki za mkono zisizopungua 17. Mafuta yale ni mepesi, huwaka upesi. Ya Turkana yana nta, yakipoa huganda: yanataka tangi lenye koti la kutunza joto, mabomba ya mvuke, na boila hapa bandarini ya kuyayeyusha kabla ya kuyashusha. Hiyo boila itawekwa wapi, na maji yake yatatoka kisima gani katika Lamu hii ya maji ya chumvi?

Na bandari yenyewe ilianza hivyo hivyo, bila kupima kwanza ni nani ataumia. Wavuvi walikwenda kortini 2012, uamuzi wa fidia ya shilingi bilioni 1.76 ukatolewa 2018. Miaka sita kwa jambo lililopaswa kupimwa kabla ya kuchimba mkondo wa meli.

Basi kabla ya kulazwa taruma la kwanza la reli, mkataba useme hivi: kila zipitapo treni 2 za mafuta, ipite 1 ya ng'ombe, samaki na simenti. Njia za kupishania treni ziwe na kilomita 2 kamili, kwani matangi 100 yakiungwa hukaribia urefu huo. Na treni ya mafuta isilazwe kwenye mteremko bila mtu ndani.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu