Marabou naye aachiwe mti wake

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuandika neno, lakini makala yenu ya Jumamosi iliyopita imenikera. Mwandishi amemlinganisha marabou, yule korongo mkubwa mla mizoga, na mwerezi wa Mulanje, kisha akaamua kwamba mti huo wa Malawi ulindwe kwa kuwa ni adimu, na ndege wetu wafukuzwe kwa kuwa ni wengi mno.

Kuhusu mwerezi sina ubishi. Kwao ni Mlima Mulanje tu, na kwa kuwa mchwa hawaziwezi mbao zake, wakataji haramu wameufyeka hata baada ya kutangazwa mti wa taifa mwaka 1984. Vidukari, wadudu wafyonza utomvu, vilivyoushambulia ndivyo vilivyofika Kenya mwaka 1990 vikatukaushia nyua za miberoshi. Lakini tangu lini kiumbe akahesabiwa kwanza ndipo ahurumiwe?

Mwaka jana wasimamizi wa mtaa wetu walileta watu wenye misumeno ya injini, wakaangusha migunga yenye viota, na vifaranga vingali ndani. Tulipouliza, tukaambiwa kinyesi kinaharibu rangi ya magari. Kifaranga mmoja alidondoka kwenye lami akiwa hai, manyoya ya mabawa ndiyo kwanza yanachomoza, akawa anagongagonga mdomo wake mkubwa bila kuweza kusimama. Kifaranga wa marabou hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuruka. Huyu angekimbilia wapi? Mlinzi aliamriwa amsukume kwa fagio hadi mtaroni, na watoto waliokuwa wakingoja basi la shule wakaona yote. Sijaisahau siku hiyo, wala sitaki kuisahau.

Na nani aliwaalika ndege hawa? Ada ya taka tunalipa kila mwezi, lori halionekani, mabaki ya buchari yanaozea langoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017 na bado inanasa kwenye ua wangu. Anayetuondolea uozo huo ni marabou, tena bure.

Napendekeza hivi: mti wowote wenye kiota ufungwe tangazo siku 90 kabla ya kukatwa. Lifungwe kwa kamba, si kwa msumari, liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka ukiwa ndani ya matatu, na liwe na jina na nambari ya simu ya aliyetoa kibali. Na tukipiga, simu ishikwe.

Mkazi wa South B,
Nairobi