Tiketi ya EPS si hukumu, isome kabla hujailipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaeleze madereva na wenye magari jambo moja kuhusu tiketi za trafiki za hapa Uganda, zile tunazoziita EPS (Express Penalty Scheme), yaani mpango wa faini za papo kwa papo. Wengi wetu tunazichukulia kama hukumu iliyokwisha tolewa. Mmoja analipa bila kuisoma, mwingine anaikunja na kuisukuma nyuma ya kioo cha jua, inakaa humo mpaka siku askari atakapoingiza nambari ya gari katika kifaa chake na kusema gari halisogei. Wote wawili wanapoteza pesa ambazo pengine hawakupaswa kuzipoteza.

Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998, mpango huu wa faini za papo kwa papo ni nafasi unayopewa. Serikali inakuambia: tunaamini umekosa, ukilipa kiasi hiki ndani ya siku 28, hatukupeleki mahakamani. Usipokubali kwamba umekosa, mahakama ipo. Anayelipa amefunga mlango wa kubisha, kwa kuwa kulipa ni kukubali. Kwa hiyo ushauri wa "lipa kwanza, tutazungumza baadaye" unaotolewa stendi kila siku ni ushauri mbaya. Kukaa kimya nako si kubisha. Siku 28 zikipita bila malipo na bila barua, deni linabaki kwenye gari, linaweza kuongezewa nyongeza ya kuchelewa, na polisi wamekuwa wakifanya operesheni za kukamata magari yenye madeni ya namna hiyo.

Basi tiketi isomwe pale pale, injini ikiwa imezimwa. Anza na nambari ya gari, herufi kwa herufi. Kwenye tiketi za kuandikwa kwa mkono B hugeuka 8, D hugeuka O, na V ikafanana na U. Kosa la herufi moja linatosha kumbebesha deni mtu wa Mbarara ambaye hata Tororo hajawahi kufika. Kisha tazama tarehe na saa, mahali palipotajwa, kosa lenyewe, na kiasi. Mahali patajwe kwa namna ya kupatikana: "Barabara ya Jinja" peke yake ni kilomita nyingi mno. Faini huhesabiwa kwa pointi za sarafu, na pointi moja ni shilingi 20,000. Pointi mbili ni 40,000, nne ni 80,000, kumi ni 200,000. Ukiona kiasi kisichogawanyika kwa 20,000, muulize afande kwa heshima hesabu imetokaje. Swali hilo si ugomvi.

Kosa likionekana pale pale, mwombe arekebishe kabla hajaondoka. Akikataa, pokea karatasi, usiirarue, wala usimtupie usoni. Piga picha ya tiketi, na piga picha ya mahali ulipo: kibao cha mwendo kama kipo, barabara kama hakuna kibao. Picha ya tiketi ipigwe siku hiyo hiyo. Risiti za mashine huchapwa kwenye karatasi inayochapika kwa joto, bila wino. Ukiiacha kwenye dashibodi chini ya jua la mchana, ama inageuka nyeusi yote, ama maandishi yanafifia, na baada ya wiki chache unabaki na kipande cheupe kisichothibitisha chochote. Hiyo ndiyo karatasi ambayo ungeipeleka kwa hakimu.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi, maana njia ni moja. Faini ya trafiki huingia serikalini kwa nambari ya malipo, yaani PRN, ya Mamlaka ya Mapato, URA. Kama PRN haipo kwenye tiketi, hutengenezwa katika tovuti ya URA, sehemu ya malipo, upande wa mapato yasiyo ya kodi. Ukiwa nayo unalipa benki au kwa simu. PRN moja ni ya deni moja. Ukiwa na tiketi tatu, lipa mara tatu na uweke risiti tatu. Wizi huingia hapa: mtu anakupigia simu, anajiita ofisa wa trafiki, anataja nambari ya gari lako sawasawa kabisa, kisha anakupa nambari ya simu utume pesa "zifutwe haraka". Kabla hujaingiza nambari yako ya siri, simu hukuonyesha jina la anayepokea. Ukiona jina la mtu, ghairi. Hakuna faini halali inayoingia katika simu ya mtu binafsi. Na anayempa askari noti elfu ishirini mkononi ajue kwamba Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea, na tiketi ikiwa imeshaingia kwenye mfumo, noti hiyo haifuti kitu.

Ukishalipa, ingia tena tovuti ya URA siku chache baadaye, uitafute PRN ile uone kama malipo yamepokelewa. Inatokea benki imekata pesa na kifaa cha askari bado kinaonyesha deni. Risiti yenye PRN ndiyo kinga yako kwenye kizuizi cha polisi barabarani, kwa hiyo nakala ikae ndani ya gari na nyingine ofisini.

Wasiojua kama wanadaiwa wasisubiri kizuizi. Ofisi ya trafiki ya kituo cha polisi inaweza kulitazama gari kwa nambari yake, kama anavyolitazama askari barabarani. Nenda na kitambulisho, perimiti ya udereva na logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Kabla ya kununua gari la mtu, fanya hivyo hivyo, na fanya pamoja na muuzaji, kwa sababu deni hufuata nambari ya gari.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo panapoumiza watu wengi. Biashara ya magari yaliyotumika kwetu huenda hivi: muuzaji anatia saini fomu za kuhamisha umiliki, anaacha nafasi ya jina la mnunuzi wazi, anapokea pesa, wanapeana mikono. Mnunuzi hakwenda kubadilisha jina kwa sababu ya gharama, akaliuza kwa wa tatu kwa fomu zile zile. Zamani tiketi ilikuwa ya aliyeshika usukani, kwa hiyo jina la kwenye logibuku halikumsumbua mtu. Kamera ilipoanza kufanya kazi ya askari, mambo yakageuka: kamera haimwoni dereva, inasoma pleti, na taarifa inakwenda kwa mwenye jina. Mwezi Juni 2025 mfumo wa EPS wa kujiendesha ulipowashwa, watu walitumiwa faini za magari waliyokwisha yauza siku nyingi. Mwenye jina atabisha kwa hati ya mauzo yenye tarehe, majina na saini za pande zote mbili, pamoja na mashahidi, ikiwezekana iliyopitia kwa wakili. Asiyekuwa na hati hiyo hana pa kushika. Kama uliuza gari na hukuhamisha jina, mtafute mnunuzi wiki hii.

Faini za mfumo ule zilikuwa shilingi 200,000 kwa aliyezidisha mwendo kwa kilomita zisizozidi 30 kwa saa, na 600,000 kwa aliyepita hapo. Tazama maana yake. Penye kikomo cha 50, anayekwenda 80 analipa laki mbili; anayekwenda 81 analipa laki sita. Kilomita moja ina thamani ya laki nne. Sasa chukua sehemu ambayo kikomo ni 30, karibu na shule au soko, na dereva mgeni aliyeamini yuko kwenye 50. Akienda 61 amezidisha kwa 31, ni laki sita. Kikomo kingekuwa 50 kweli, angedaiwa laki mbili. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, anayetaka kubisha faini ya kamera asipoteze nguvu akisema mashine imedanganya. Mashine hupimwa, na hati za kupimwa zipo au hazipo, mahakama inaweza kuziagiza. Swali lenye uzito ni kikomo: je, kibao kilikuwepo, kabla ya kamera, upande wa dereva, bila kufunikwa na mti au tangazo? Piga picha ya barabara tangu kibao cha mwisho ulichokiona hadi mahali palipotajwa, kwa mfululizo, na tarehe ya simu iwe sahihi. Malalamiko ya namna hiyo yalikuwa mengi, na serikali iliusimamisha mfumo mwezi ule ule wa Juni 2025 ili urekebishwe. Usalama unatakiwa, watoto wanavuka barabara zile. Lakini kikomo kisichoandikwa mahali pa kuonekana hakimpunguzi mwendo mtu yeyote. Kinakusanya pesa tu.

Kubisha kwenyewe huanza kwa barua. Iandike kwa mkuu wa trafiki wa kituo kilichotoa tiketi, fupi, ukurasa mmoja: nambari ya tiketi, nambari ya gari, tarehe, unachokataa na kwa nini, na orodha ya viambatisho. Peleka nakala mbili. Moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nayo urudi nayo. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa. Yote haya yafanyike katika wiki ya kwanza au ya pili, usingoje siku ya 27. Makosa ya wazi, kama herufi ya pleti au gari lililokuwa gereji siku hiyo, mara nyingi huishia hapo. Wenye magari ya biashara wawe na kitabu cha safari kinachoonyesha nani aliendesha gari gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Gari likiwa na kifaa cha kufuatilia, chapisha rekodi ya saa hiyo mapema, kwa sababu kampuni nyingi hazihifadhi rekodi milele.

Ofisi isipokusikiliza, sema kwa maandishi kwamba hukubali kosa na unataka kesi isikilizwe. Mahakamani wewe huna kazi ya kuthibitisha kuwa huna hatia. Ibara ya 28 ya Katiba inakuhesabu huna hatia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe, na askari aliyeandika tiketi atatakiwa aje aeleze alichokiona. Lakini nisiwafiche: adhabu ya mahakama inaweza kuwa kubwa kuliko faini ya tiketi, na kesi ikiahirishwa mara tatu, nauli ya Tororo hadi Kampala na siku za kazi zilizopotea zimeshapita shilingi 40,000. Kwa faini ndogo ambayo unajua moyoni kosa ulifanya, lipa. Kwa laki sita, au kwa kosa la mtu mwingine lililoandikwa kwa jina lako, bisha hadi mwisho.

Kama shida ni mwenendo wa askari, matusi au kudai pesa, hilo ni jambo jingine na lina mlango wake: Kitengo cha Maadili ya Polisi, kinachojulikana kama PSU. Usilichanganye kwenye barua ya kubisha tiketi, maana yote mawili yatakwama.

Ombi langu la mwisho, Mhariri, ni kwa Polisi na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Ibara ya 6 ya Katiba yetu inaitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Dereva wa lori anayeingia kwetu kwa mpaka wa Mutukula ametoka Tanzania, nchi ambayo anaingia tovuti ya Jeshi la Polisi, anaandika nambari ya gari, na anaona deni lake kwa Kiswahili, pamoja na nambari ya kumbukumbu ya kulipia. Akivuka mpaka anapewa karatasi ya Kiingereza asiyoweza kuisoma vizuri, anaambiwa atie saini. Si yeye tu. Mwendesha boda boda wa Busia na dereva wa taksi wa Arua wako hapo hapo.  Nyuma ya tiketi pachapishwe kwa Kiswahili siku ya mwisho ya kulipa, PRN, jina la kituo cha kupeleka barua ya kubisha, na mahakama itakayosikiliza kesi mtu asipokubali kosa.

Wako,
Karani wa magari,
Tororo