Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mafunzo ya Shabaha kwa Watoto

Ndugu wanachama, wazazi na walezi,

Nimezoea kuanza taarifa hii na mafanikio. Safari hii naomba mnivumilie nianze na sekunde tatu za siku moja ya mazoezi, kwa sababu karibu kila uamuzi uliochukuliwa na kamati mwaka huu ulitokana nazo.

Kundi la wadogo lilikuwa mstarini, pale wanapokaa kupiga shabaha, na bunduki za upepo. Mtoto mmoja wa miaka tisa aliinua bunduki yake kutoka kwenye mfuko wa mchanga ili asogeze kiti. Nyuma yake, kwenye benchi la wazazi, mzazi wake alisimama na simu akamwita kwa jina, ageuke apigwe picha. Mtoto akageuka. Hakugeuza shingo tu, aligeuka mwili mzima, na bunduki ikageuka naye. Mdomo wa bunduki ukapita kwa watoto wawili waliokaa kuliani kwake, ukapita kwenye goti la msaidizi, ukaja kusimama ukitazama benchi la wazazi. Aliyekuwa akisimamia mstari siku hiyo ni mimi. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, nimeinama namkazia mtoto mwingine miwani ya kinga.

Bunduki ilikuwa tupu. Amri ya "Jaza" ilikuwa bado haijatolewa, na virisasi vyote vilikuwa kwenye kisahani mezani kwangu, kwa kuwa hapa kwetu mtoto hapewi virisasi vya kukaa navyo. Hupewa kimoja, hupiga, ndipo hupewa kingine. Utaratibu huo, ambao baadhi yenu mmeniambia unachosha, ndio uliotuokoa. Hata hivyo hakuna mwenye haki ya kusema "haikuwa na kitu" kisha akaenda nyumbani ametulia. Wapo watu wengi waliojeruhiwa na bunduki iliyoaminika kuwa tupu.

Mtoto alilia. Alidhani amefanya kosa kubwa mbele za watu. Nilipiga magoti nikamwambia kosa ni letu, na leo narudia maneno hayo mbele yenu wote. Mtoto akiitwa hugeuka, ndivyo tulivyomlea. Tulimfundisha kwa miezi asielekeze mdomo wa bunduki kwa mtu, akaweza kuisema kanuni hiyo hata akiwa na usingizi, lakini hatukuwahi kumfundisha afanye nini jina lake likiitwa nyuma yake akiwa na bunduki mikononi.

Basi ndilo badiliko la kwanza. Siku hizi tunalifanyia mazoezi jambo lile lile lililotushinda. Mtoto anakaa mstarini na bunduki iliyokaguliwa na watu wazima wawili, tena ina ile kamba nyembamba ya rangi inayopita mtutu mzima mpaka itokeze mdomoni, kuonyesha kwamba ndani hamna kitu. Kisha tunamwita kwa jina. Tunaangusha chupa ya plastiki. Tunamwambia mwenzake acheke. Anachotakiwa kufanya ni kuitika bila kugeuka, kulaza bunduki mezani ikiwa inatazama shabaha, kuondoa mikono, ndipo ageuke. Mara ya kwanza karibu wote waligeuka. Ilichukua majuma, na bado tunarudia kila mwezi, kwa maana mazoea ya mtoto huyeyuka upesi. Mtoto yule wa siku ile sasa ndiye tunayemwomba awaonyeshe wageni. Anaitika "Naam" na macho yake hayaondoki kwenye shabaha.

Benchi la wazazi limerudishwa nyuma ya kizuizi, simu zinabaki kwenye mikoba, na anayesimamia mstari hafanyi kazi nyingine yoyote. Hakazi miwani, hasahihishi mkao, hajibu salamu. Kazi yake ni kuangalia midomo ya bunduki basi. Tumegundua pia kwamba msaidizi wa mtoto anatakiwa akae pale ambapo mkono wake unafika kwenye mtutu kabla mtoto hajamaliza kugeuka. Ukiwa mbali zaidi ya hapo wewe ni mtazamaji.

Kanuni zenyewe hatukuzibadilisha. Wapigaji shabaha wengi duniani hufuata zile kanuni nne alizozieneza Jeff Cooper, aliyekuwa afisa wa kikosi cha majini cha Marekani: ihesabu kila bunduki kuwa imejazwa, usielekeze mdomo wake kwenye kitu usichokubali kukiharibu, kidole kikae mbali na triga mpaka uwe umelenga, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Kwa wadogo tumezikunja zikawa maneno matatu: mdomo, kidole, macho. Mdomo wa bunduki unatazama shabaha. Kidole kimenyooka ubavuni mwa bunduki. Macho yanajua kilicho nyuma ya shabaha. Hilo la mwisho watoto hulichukulia kijuujuu mpaka uwaambie kwamba risasi ndogo ya .22 (namba hiyo ni kipenyo chake kwa inchi), ile ambayo ganda lake halifiki unene wa kalamu, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Hapo hunyamaza, wakaanza kuuliza kuhusu tuta la udongo lililo nyuma ya mbao zetu na kwa nini liko pale.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mtoto aanze na umri gani? Sheria za kila nchi zina neno lake, na sisi hatuvuki mpaka wa sheria hata kwa siku moja. Lakini ndani ya mpaka huo, miaka peke yake hainiambii mengi. Mimi hutazama mambo mengine. Je, akiambiwa "Simama" katikati ya mchezo anaoupenda, husimama papo hapo, au husimama baada ya kumaliza? Anaweza kukaa dakika kumi bila kuhangaika? Na kubwa kuliko yote, akivunja kikombe, huja kusema au huficha vipande? Mtoto anayeficha vipande hayuko tayari kwa bunduki, awe na miaka minane au kumi na minne, maana siku bunduki itakapokwama na risasi ndani atajaribu kuirekebisha kimya kimya asije akagombezwa. Kwa sababu hiyo mkufunzi anayefokea watoto hana nafasi mstarini petu. Mwaka huu ilibidi tuagane na msaidizi mmoja kwa jambo hili, mtu mwenye shabaha nzuri sana. Haikuwa rahisi, na ningeamua vivyo hivyo tena.

Kuna methali isemayo mtoto akililia wembe mpe. Wapo wazazi walioniletea methali hiyo kwa nia njema, wakitaka mtoto aonje mshindo wa bunduki kubwa ili "aiheshimu". Ndugu zangu, jeraha la wembe hufungwa kitambaa. Mwezi Agosti 2014, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, msichana wa miaka tisa alipewa bunduki aina ya Uzi iliyowekwa ipige mfululizo. Silaha ya namna hiyo hutoa risasi kama kumi kwa sekunde. Msukumo wake uliinua mtutu kuliko nguvu za mikono yake, na mkufunzi aliyekuwa amesimama kando yake akapigwa risasi kichwani, akafa. Mtoto hakuvunja kanuni yoyote aliyofundishwa. Alipewa kitu ambacho mwili wake haukuweza kukishika, tena alipewa na watu wazima waliokuwa wakimtazama. Kamati imeweka kwa maandishi kwamba mtoto hapewi silaha ya kupiga mfululizo, na hapewi bastola yenye risasi. Bastola ina mtutu mfupi, na kifundo cha mkono kikipinda kidogo tu mdomo unakuwa umekwisha kumwelekea mwenyewe au jirani yake.

Ngazi yetu ni fupi kwenda juu. Wadogo huanza na bunduki ya mwanga, isiyotoa kitu zaidi ya miale, kama wanavyofanya vilabu vingi vya Ujerumani. Kisha bunduki ya upepo yenye kirisasi cha milimita 4.5, shabaha ikiwa umbali wa mita 10. Baada ya hapo, kwa wakubwa kidogo na kwa ridhaa ya maandishi, .22 ya risasi moja moja. Wanaodhani mita 10 ni mchezo wa kitoto waje watazame ile karatasi ya mashindano: alama ya kumi ya bunduki ya upepo ni kidoa cha nusu milimita. Katika Olimpiki za Paris 2024 dhahabu ya wanawake ya mchezo huo ilichukuliwa na Ban Hyo-jin wa Korea Kusini akiwa na miaka 16. Mtoto anaweza kubaki kwenye bunduki ya upepo maisha yake yote na asiwe amepungukiwa na chochote.

Neno dogo kuhusu vipimo. Tumekata vitako vya bunduki mbili, ile sehemu inayokaa begani, viwe vifupi, kwa kuwa mtoto anayenyoosha shingo kufikia kilengeo huchoka, na akichoka hulegeza mikono, na mtutu hutangatanga. Tumeanza pia kupima jicho kabla ya kumpa mtu bunduki. Mtoto ananyoosha mikono, anatengeneza tundu dogo kwa viganja, anatazama kitasa cha mlango kupitia tundu hilo, kisha anafumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kuona kitasa ndilo litakalolenga, hata kama mkono wake wa kuandikia ni wa upande mwingine. Binti mmoja aliyekuwa akikosa karatasi nzima kwa miezi alihamishiwa bega la kushoto, na siku hiyo hiyo tukajua kwamba hakuwa mzembe.

Sasa nafika kwenye jambo zito kuliko ya mstarini, nalo liko majumbani mwetu.

Katika mkutano wa wazazi tuliwaomba wazazi wenye silaha nyumbani waandike kwenye karatasi mahali wanapoficha ufunguo wa kabati, wakunje, wasionyeshe mtu. Katika chumba cha pili watoto wao waliombwa wachore mahali ufunguo ulipo. Kila familia ikafungua karatasi zake yenyewe, na baadaye zote zikachomwa. Sitataja idadi, wala sikuiuliza. Niliona nyuso zilivyobadilika, na hilo lilinitosha.

Mwaka 2001 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti juu ya wavulana wa miaka 8 hadi 12 walioachwa wawili wawili au watatu watatu katika chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi, imefichwa kwenye droo. Makundi 21 kati ya 29 yaliigundua. Makundi 16 yaliishika, na katika makundi 10 mmoja wao alivuta triga. Zaidi ya asilimia 90 ya wavulana walioishika au kuvuta triga walikuwa wamewahi kupewa mafunzo ya usalama wa bunduki. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi mno, kwa kuwa inatusema sisi. Mafunzo yetu hayaifanyi bunduki iliyo chini ya godoro kuwa salama. Mzazi anayesema "wangu amefundishwa" amenitwika mzigo ambao siuwezi, na amemtwika mtoto mzigo ambao si wake.

Kinachosaidia kinajulikana. Utafiti mwingine uliotoka mwaka 2005 katika JAMA, jarida la chama cha madaktari cha Marekani, ulionyesha mambo manne ambayo kila moja lilihusishwa na watoto na vijana wachache zaidi kudhurika: bunduki iwe haina risasi, iwe imefungiwa, risasi nazo zifungiwe, na ziwe mbali na bunduki. Kwa hiyo pendekezo la kwanza la kamati leo ni kwamba kuanzia msimu ujao mzazi apite darasa la kuhifadhi silaha kabla mtoto wake hajasajiliwa, na ufunguo ukae mwilini mwake au kabati liwe la namba zisizo tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote wa nyumba hiyo.

Kuhusu afya nitakuwa mfupi. Lugha yetu imeiita risasi kwa jina la madini yake, na madini hayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto ndio huumia zaidi, hasa ubongo. Vumbi lake hubaki vidoleni na kwenye nguo. Hakuna kula wala kunywa mstarini, mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kitu kingine chochote, na mtoto hafagii maganda. Masikio vilevile: kiwango cha juu cha mshindo kilichopendekezwa na shirika hilo ni desibeli 120 kwa mtoto na 140 kwa mtu mzima, na bunduki nyingi za moto hufika au hupita 140. Mtoto anayepiga .22 huvaa viziba masikio vya ndani na vya nje kwa pamoja. Anayevivua kwa sababu ya joto hutoka mstarini akapumzike.

Hesabu za fedha mweka hazina atazisoma mwenyewe. Niseme tu kwamba tulichelewa kununua virisasi visivyo na madini ya risasi kwa kundi la wadogo, na sababu ilikuwa uzito wetu wa kuamua. Vimeshanunuliwa.

Mapendekezo ya kupigiwa kura ni matatu. La kwanza nimelitaja. La pili, kwa kila mtoto anayepiga .22 awepo mtu mzima mmoja aliyefunzwa, begani pake, bila kugawana. Tukikosa watu, siku hiyo tunapunguza watoto. La tatu, msimamizi yeyote wa mstari, mimi nikiwemo, apimwe upya kila mwaka na mtu asiye wa kamati. Mimi nimeomba nianze. Karatasi ya kujiandikisha usaidizi iko kwa katibu, na nafasi za juma la kwanza bado ziko wazi.

Naomba kuwasilisha.