Himofilia isiandikwe kabla kingamwili hazijatafutwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie majibu ya maabara yanayompa mtu ugonjwa wa kurithi wa kuganda kwa damu, kama himofilia, kumbe kilichopimwa ni kingamwili (protini za kinga ya mwili) zilizomo katika plazima yake, yaani majimaji ya damu.

Zinazosumbua zaidi huitwa kizuia mgando cha lupus, ingawa wengi walio nazo hawana lupus, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Hunasa protini zilizoshikamana na fosfolipidi (aina ya mafuta), na kitendanishi cha APTT, kipimo cha muda wa damu kuganda, hutegemea fosfolipidi hiyo hiyo. Basi damu huchelewa kuganda ndani ya tyubu, ilhali mwilini watu hawa huelekea kupata mabonge ya damu. Maabara ikirukia kupima faktari (protini za kugandisha damu) za VIII, IX, XI na XII, zote zaweza kuonekana zimeshuka. Hapo shuku kingamwili kwanza, maana himofilia ya kurithi hushusha faktari moja.

Changanya plazima ya mgonjwa na plazima ya watu wenye afya, nusu kwa nusu, upime papo hapo. Upungufu wa faktari husahihika, yaani muda wa kuganda hurudi kuwa wa kawaida. Kizuia mgando cha lupus kwa kawaida hakisahihiki. Mchanganyiko huo upimwe tena baada ya saa 2 katika nyuzi joto 37, kwani kingamwili dhidi ya faktari VIII hufanya kazi polepole na jibu la kwanza laweza kudanganya. Halafu, unapopima faktari, zimua plazima 1:10, 1:20 na 1:40, ukizidisha jibu kulingana na uzimuaji. Upungufu wa kweli hubaki palepale. Jibu likipanda, tuseme asilimia 15, kisha 30, kisha 55, kuna kingamwili. Maabara inayotoa jibu la uzimuaji mmoja tu haijamaliza kazi.

Kwa protini C na protini S, ambazo huzuia damu kuganda kupita kiasi, kosa hugeuka, na kwetu hili ni baya zaidi: muda mrefu wa kuganda husomwa kama protini nyingi, hivyo mwenye upungufu huambiwa yu salama. Protini C ipimwe kwa njia ya rangi, na kwa S ipimwe ile iliyo huru. Faktari V Leiden, badiliko la kurithi linaloleta mabonge ya damu, itafutwe kwenye DNA, ambako kingamwili hazifiki. Nazo kingamwili za baridi yabisi zaweza kupandisha kwa uongo kiwango cha protini ya von Willebrand, nayo ya kugandisha damu, kwenye vipimo vya lateksi (vinavyotumia chembe ndogo mno za mpira).

Sampuli nayo ina lake. Sitreti, kemikali ya kuzuia sampuli isigande, iwe asilimia 3.2, sehemu 1 kwa 9 za damu. Plazima izungushwe mara mbili, chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda) zibaki chini ya 10,000 kwa mikrolita kabla ya kugandishwa kwa baridi. Zikizidi hupasuka, zikamwaga fosfolipidi inayoficha kingamwili. Daktari aandike kwenye fomu kama mgonjwa anatumia heparini au dawa nyingine ya kuzuia mgando.

Kizuia mgando cha lupus kikionekana, kipimwe tena baada ya wiki 12 au zaidi. Ndugu wa mgonjwa wasiitwe kupimwa himofilia kwa sababu ya APTT ndefu peke yake.

Wataalamu wa maabara ya damu