Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri Yetu: Naomba Muhuri Tu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya (jina nimeliacha makusudi, mwenyewe unajijua).

YAH: KUOMBA BARUA MOJA YENYE MUHURI, MARA YA TANO

Shikamoo Mkurugenzi.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Safari hii naomba uhusike kweli, kwa sababu barua nne zilizotangulia zenye kichwa hichohicho zilipokelewa masjala, zikagongwa muhuri wa "Imepokelewa", na safari yake ikaishia pale. Muhuri wa kupokea ombi langu upo. Wa kulijibu ndio haupatikani. Na ombi lenyewe ni dogo: barua ya kuthibitisha kazi niliyoifanya hapo kwako.

Mimi ndiye yule kijana wa kompyuta. Jina langu sidhani kama unalijua, maana kwa miezi 26 umekuwa ukiniita "Injinia", na nakiri kwamba mwanzoni nililifurahia mno hata nikampigia mama simu kumweleza.

Nianze na Alhamisi iliyopita, maana ndiyo iliyonitoa masjala ikanileta huku hadharani. Ukumbini walijaa wanafunzi wa kidato cha nne, wameletwa kusikiliza ushauri wa masomo na kazi. Mimi nilifika saa kumi na mbili asubuhi kufunga projekta na spika. Ukasimama ukasema, na hapa nanukuu kwa sababu spika nilizifunga mwenyewe na zilisikika vizuri: "Wanangu, dunia ya sasa ni kompyuta. Someni kompyuta, ajira ziko nje nje. Mnamwona injinia wetu pale nyuma? Katoka shule kama zenu hizi. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya meza, nimeishikilia kebo ya projekta kwa mkono wa kulia, kwa sababu imelegea na nikiiachia tu picha inapotea. Nikawapungia kwa mkono wa kushoto.

Baadaye binti mmoja akanifuata na daftari lake. "Shikamoo injinia. Mshahara wa kuanzia ni shilingi ngapi?" Nikamwambia inategemea. Akauliza inategemea nini. Nikajifanya naitwa. Jioni hiyo nauli ya kurudi nyumbani nilimkopa mama ntilie wa nje ya geti lako, ambaye naye ananiita Injinia, tofauti yake na wewe ni kwamba yeye anajua nina madeni.

Tuelewane, Ndugu Mkurugenzi. Sikudai mshahara na barua hii haidai mshahara. Nilikuja kujitolea Julai 2023 kwa ridhaa yangu, mwaka mmoja baada ya kumaliza shahada, kwa sababu kila tangazo la kazi nililosoma lilitaka uzoefu wa miaka miwili. Afisa utumishi akanipokea kwa mdomo, akaniambia mambo ya maandishi yatafuata. Bado yanafuata.

Labda nikukumbushe nimefanya nini humo ndani, maana wengi wananijua kama mtu wa tona, yaani wa kubadilisha wino wa printa. Nilipofika, swichi ya mtandao ya jengo la fedha, yaani kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, ilikaa juu ya kabati la mafaili, chini ya dirisha linalovuja. Mvua ikinyesha mtandao unakata, na mtandao ukikata, mwananchi aliyefuata namba ya malipo anaambiwa "mfumo wa Dodoma unasumbua". Dodoma walikuwa hawana kosa lolote. Niliihamisha swichi, nikavuta kebo upya, nikabana vichwa 42 vya kebo kwa koleo nililoazima chuoni na ambalo, Mungu anisamehe, sijalirudisha hadi leo.

Halafu zile mashine za POS, za kukatia risiti za ushuru. Nilikabidhiwa tisa "mbovu" ndani ya boksi la maji ya chupa. Tatu betri zilikuwa zimevimba, mbili tundu la chaja limelegea. Nne zilikuwa nzima kabisa! Zilichokosa ni laini za simu. Laini zilichomolewa na bando lake likawa linaliwa kwenye simu za watu. Niliandika ripoti ya ukurasa mmoja, nikaikabidhi. Tangu siku hiyo salamu za baadhi ya wakusanyaji pale geti la alizeti zimekuwa fupi sana.

Na hata hiyo si kazi niliyoisomea. Printa wapo mafundi stendi wanaonishinda mbali, na siwaonei aibu kusema hivyo. Miaka minne ya uhandisi wa kompyuta ni kitu kingine. Unafundishwa jinsi sifuri na moja zinavyogeuka kuwa volti kwenye waya, jinsi prosesa inavyokwenda kwa mapigo ya saa yake ya ndani, mamilioni kwa sekunde, na kila pigo likisogeza kazi mbele kidogo. Unafundishwa kwa nini programu isiyo na kosa hata moja inaweza kugoma kwa sababu tu waya wa ardhi haukuunganishwa. Mtu wa programu akikwama husema tatizo ni umeme, wa umeme akikwama husema tatizo ni programu, na sisi ndio tunaoachiwa mzigo katikati.

Ulishaiona kazi hiyo kwa macho yako. Nane Nane ya 2024, banda la halmashauri, kati ya mizinga ya nyuki na mbegu za alizeti, palikuwa na pipa la bluu lenye kidude juu ya mfuniko. Kidude kile nilikitengeneza kwa fedha za dada yangu. Ndani mna ESP32, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, moduli ya laini ya simu, na kihisi kinachotoa sauti ambayo sikio la mtu halisikii, kisha kinasubiri mwangwi urudi kutoka juu ya maji. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde hewani. Ukijua mwangwi umechukua muda gani, unazidisha, unagawa kwa mbili, unajua maji yako umbali gani kutoka kwenye mfuniko. Tanki likijaa, mhudumu wa kisima anapata ujumbe azime pampu, dizeli isiungue bure.

Toleo la kwanza lilikuwa likidanganya kila alfajiri, linasema limejaa wakati tanki liko nusu. Nililala pale kisimani siku mbili na blanketi la dada. Kumbe mvuke wa usiku ulikuwa unageuka matone na kung'ang'ania usoni mwa kihisi, kinasoma tone lililo puani pake kikidhani ni maji ya tanki. Nikatafuta kihisi kisichoingiza maji, nikatoboa mfuniko matundu ya hewa, uongo ukaisha. Siku hiyo, Ndugu Mkurugenzi, niliona nimesoma.

Ukapiga picha na pipa lile. Ukasema mbele ya madiwani kwamba hii tunaiweka kwenye bajeti, kila kisima kitakuwa nacho, kijana njoo ofisini Jumatatu. Nikaja Jumatatu. Katibu muhtasi wako akasema uko kikaoni Dodoma. Jumatatu zaidi ya hamsini zimepita tangu hapo na nina imani kikao hicho kinaendelea vizuri. Picha ipo kwenye kalenda ya halmashauri, mwezi wa nane. Wewe na pipa mmetoka vizuri. Mimi nimeingia nusu ya bega.

Sasa kwa nini hutaki kusaini barua? Hapa nabahatisha, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Labda afisa utumishi amepoteza faili langu, kama kweli liliwahi kuwepo. Labda mnaogopa kwamba nikipata karatasi nitakwenda nayo mahakamani kudai malipo ya miaka miwili. Labda ni ile ripoti ya laini. Na kuna hii inayoninyima usingizi zaidi: kukiri kwa maandishi kwamba kijana asiye na mkataba amekuwa akiingia chumba cha seva kwa miezi 26 ni kumwandalia CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hoja ya ukaguzi. Kama ni hilo, nalielewa. Lakini nywila mlinipa ninyi. Sikuziokota.

Mnajua nje kukoje? Mwaka 2014 nikiwa kidato cha tatu tuliona picha za wahitimu zaidi ya 10,000 wamekaa majukwaani Uwanja wa Taifa, wanagombea nafasi 70 za Uhamiaji. Baba akasema hao walisoma vitu vya maneno maneno, wewe komaa na sayansi. Nikakomaa. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000, na mmoja wao ni mimi niliyekomaa na sayansi. Hizo ndizo ajira zilizoko nje nje. Nje zipo kweli, na sisi tuko nje nazo.

Nchi hii mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya serikali kuhangaika nazo kwenye hesabu zake na kupata hasara. Wazee wale wanachekwa sana siku hizi. Mimi siwacheki, walau waliandika kwenye Gazeti la Serikali kwamba hawazitaki, kila mtu akajua. Hapa kwetu kompyuta zinatakiwa, hotuba zake zinatakiwa, na picha pia zinatakiwa.

Nyumbani nakaa kwa dada. Nina miaka 28. Shemeji ni mtu mwema, hajawahi kunisema, ila tangu mwezi wa sita amekuwa akiuliza mezani, taratibu, kama vile anamuuliza mtu mwingine, "Hivi injinia analipwa na nani?" Watoto wa dada wanajua kwamba yai ni la shule, mjomba anakula mchuzi. Laptopu yangu ya chuo kioo kimepasuka, natumia kwa kuchomeka kwenye runinga yao, kwa hiyo nikitaka kuandika programu inabidi tamthilia iishe. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika. Asilimia 15 ya sifuri naweza kuipiga bila kikokotoo. Mama hadi leo anawaambia majirani mwanaye ni injinia wa halmashauri, na mwezi uliopita wakamtuma aniombe niwasaidie vijana wao wapate nafasi. Wapate nafasi! Kwangu!

Najua utasema nijiajiri, wote mnasema hivyo. Nilikuja kuulizia ile asilimia nne ya mikopo ya vijana, nikaambiwa lazima tuwe kikundi. Nikatafuta kikundi. Wenzangu wanne wakataka tufuge kuku, na kusema kweli hesabu yao ya kuku ilikuwa nzuri kuliko yangu ya vihisi.

Na ndoto ya kusajiliwa uhandisi, yaani uhandisi wa kweli wenye muhuri wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mhitimu anatakiwa kufanya kazi miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Kitengo chetu cha TEHAMA hakina mhandisi wa namna hiyo. Kwa hiyo hii miezi 26 kwao haipo. Kwenu haina karatasi. Mimi ndiye peke yangu niliyeishi ndani yake, mimi na koleo la chuo.

Awali nilikuwa na maombi manne. La kwanza mkataba, hata wa muda. La pili posho ya nauli, shilingi 2,000 kwa siku. La tatu lile pipa la bluu lirudishwe kwangu kama hamlihitaji, maana nimesikia linawekewa maji ya kunawa mikono nyuma ya kantini, na kidude kimeng'olewa. Lakini nimeyatafakari usiku kucha na kuyaacha yote matatu. Pipa mbaki nalo.

Nimebaki na moja. Kuna kampuni Dar es Salaam inatafuta mtu wa kutengeneza vifaa vya aina ileile niliyokuonyesha Nane Nane. Wanataka uzoefu wa miaka miwili na barua ya kuuthibitisha, yenye kichwa cha taasisi, saini na muhuri. Mwisho wa kuomba ni tarehe 30 mwezi huu. Barua yenyewe nimeshaiandika, nimeichapa kwa tona niliyoibadilisha mwenyewe, iko kwa katibu muhtasi ndani ya bahasha ya kaki. Ina mistari sita. Haisemi nilikuwa hodari, haisemi mna deni langu. Inasema nilikuwepo, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, na nilifanya kazi gani. Nimeacha nafasi ya saini chini, kubwa ya kutosha.

Saini, Ndugu Mkurugenzi. Kama hutaki kusaini wewe, mruhusu afisa utumishi asaini. Kama naye hataki, nipe kwa maandishi sababu ya kukataa, na hiyo barua ya kukataa iwe na muhuri, nitaipeleka hivyohivyo, maana nayo itakuwa inathibitisha kwamba nilikuwepo.

Na yule binti wa daftari, kama walimu wake wataisoma hii, wamwambie samahani sikumjibu. Mshahara wa kuanzia sijui. Ila kama anataka kuona jinsi kihisi kinavyosikia maji, aje Jumamosi kwa dada yangu, ninacho kimoja bado kinafanya kazi. Aje kabla ya saa mbili usiku, tamthilia haijaanza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Injinia (kwa mujibu wa hotuba yako ya Alhamisi).

Nakala: Afisa Utumishi.
Masjala, kwa ajili ya muhuri wa "Imepokelewa".