Pembe za Triseratopsi

Mwanangu mpendwa,

Sisi nyumbani hatujambo, bibi anakusalimu sana. Mchoro wako umefika na nimeupenda. Ila mtoto wa Triseratopsi, yule dinosaria mwenye pembe tatu, umempa pembe sawa na za mama yake, zimepungua ukubwa tu. Hazikuwa hivyo.

Huko Montana, Marekani, wataalamu wamechimbua mafuvu ya Triseratopsi wa rika mbalimbali. Ukiyapanga unaona pembe za juu ya macho zikibadilika: kwa mtoto ni vijiti vifupi, akianza kukua zinapinda kuelekea nyuma, akipevuka zinageuka kuelekea mbele, hadi karibu mita 1. Hata vimfupa vya pembetatu kwenye ukingo wa ngao yake ya shingoni hubapa kadiri anavyozeeka. Mimi jambo hili hunistaajabisha kuliko ukubwa wake wote, ingawa alifika urefu wa mita 8 na zaidi.

Umeuliza kama kweli alikabiliana na Tiranosauri, yule dinosaria mkubwa mla nyama. Ndiyo, mwanangu. Lipo fuvu lenye pembe iliyovunjika na alama za meno ya Tiranosauri, na mfupa umeota tena juu ya jeraha. Mfupa wa maiti hauoti, kwa hiyo yule alishambuliwa akapona. Baadhi ya ngao pia zina majeraha yanayofanana na ya kuchomwa na pembe, maana yaelekea wenyewe kwa wenyewe nao walipigana.

Chakula chake kilikuwa mimea. Aliikata kwa mdomo mgumu kama wa kasuku, kisha akaikatakata kwa mamia ya meno yaliyobebana. La juu likiisha, la chini linapanda.

Mwaka 1887 zilipopatikana pembe zake karibu na Denver, mtaalamu wa Marekani Othniel Charles Marsh alidhani ni za nyati mkubwa. Yalipopatikana mabaki mengine Wyoming, akampa jina la Triseratopsi mwaka 1889.

Na huyo rafiki yako anayesema aliishi Lindi, mwambie hapana. Dinosaria wa Tendaguru, kilima cha huko Lindi, waliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Triseratopsi alikuja baadaye sana, magharibi mwa Amerika Kaskazini, akatoweka miaka milioni 66 iliyopita. Yule mkubwa wa Lindi, ambaye mifupa yake imesimamishwa makumbusho ya Berlin, nitakuandikia habari zake barua ijayo.

Kula vizuri, na uvae sweta asubuhi.

Mama yako akupendaye